Kumrudisha Masatu kwa Gari Linalochemsha

Tangu turudi sipumui. Nikifungua robota la mitumba pale sokoni, kabla sijatandika hata shati moja, mtu kashasimama mbele yangu: "Mama Koku, hivi ni kweli?" Kweli nini, hasemi. Wengine wamesikia tulikwama Magu, wengine wamesikia gari liliongea. Haya, kaeni niwasimulie mara moja, na atakayeniuliza tena anunue nguo kwanza.

Mnajua kaka yangu Masatu alikuwa akikusanya sangara visiwani kwa ajili ya kiwanda. Boti yao ilipinduka kwenye upepo, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Tulimtafuta kila mwalo boti zinapotua. Nyumbani kwetu Mara, kijiji cha ziwani upande wa Musoma, mama alitoa mkeka wake nje siku habari zilipofika, akalala uani kama msiba unavyotaka. Lakini msiba huisha mtu akishazikwa, na sisi hatukuwa na wa kumzika. Miezi ikapita, matanga hayajaanuliwa, mvua zikaanza, na mama na uzee ule, na kifua kile, bado analala nje. Ukimwambia aingie ndani anajibu, "Niingie nimwache nani mlangoni?" Tukaona wazi kwamba tutazika wawili.

Ukoo wetu una njia yake kwa waliobaki majini. Shangazi wa marehemu huenda kwenye mwalo alioondokea, humwita kwa jina, huchota maji, na maji hayo ndiyo yanayorudishwa nyumbani na kuzikwa. Njiani hayagusi ardhi, hayaachwi peke yake, na marehemu anaambiwa kila mahali anapopita ili asipotee. Basi Shangazi Nyakwesi, dada wa baba, akapanda basi akaja kwetu Mkolani kuyafuata.

Gari lilikuwa la mume wangu. Baba Koku ni Mhaya, alikuwa ofisa wa serikali mpaka walipopunguzwa kazi, na kwa mafao yake akanunua gari la kulala kutoka kwa wazungu wawili waliovuka nalo nchi nyingi likawashinda hapa. Lina kitanda, jiko dogo la gesi, na mapazia ya maua. Alisema enzi hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake, atawapeleka watalii Serengeti. Mtalii wake wa kwanza akawa shemeji yake.

Mwaloni, Nyegezi

Tulifika asubuhi, jua halijawa kali. Wavuvi walipomwona Shangazi anavua viatu na kujifunga kanga kiunoni walielewa bila kuambiwa. Wakasogeza nyavu, redio ikazimwa. Ziwa lilikuwa limetulia kupita kiasi, halipigi hata ufukweni. Shangazi akaingia mpaka magotini.

"Masatu! Masatu wa Magesa! Ni mimi shangazi yako. Twende nyumbani."

Kimya. Akaita tena. Kimya. Alipoita mara ya tatu mwili ulinisisimka, maana mbali kule majini kitu kama moshi mweusi kilikuwa kinanyanyuka. Walikuwa wale wadudu wa ziwani. Kila mtu wa Mwanza anawajua, wanapanda juu ya maji kama kijiji kinaungua. Lakini wadudu wale hufuata upepo, na asubuhi ile upepo haukuwepo. Walikuja wamenyooka kwetu. Wakatuingia machoni, puani, mdomoni. Baba Koku alikuwa ameacha injini inaunguruma kwa sababu stata yake haiaminiki, nikaliona gari linageuka jeusi kuanzia mbele.

Shangazi hakujipangusa hata kidogo. Aliinama, akajaza kidumu cha njano kilichokuwa cha mafuta ya kula, akakifunika.

"Ameitika," akasema. "Twende."

Akakiviringisha kidumu kwenye kitenge, akakilaza kitandani ndani ya gari na yeye akakaa kando yake. Mimi nililia mpaka tunafika barabara kuu, sikuona aibu.

Igoma, kwa mafundi

Hatukufika mbali. Tulipoanza kuuacha mji, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye alama nyekundu, mvuke ukatoka, na Baba Koku akasema neno la Kihaya ambalo sijawahi kuambiwa maana yake. Tulisukumwa na wapita njia hadi gereji moja hapo Igoma, chini ya bati.

Fundi aliitwa Shija. Akazunguka gari, akabofya mpira wa maji wa juu, akabofya mpira wa chini.

"Linachemsha," akasema.

"Hilo tumeliona," nikamjibu.

"Usikasirike, mama. Kuchemsha kuna sababu nyingi."

Akazianza zote. Mkanda wa feni umelegea, akabadilisha. Kifuniko cha rejeta kimechoka, akatafuta kingine. Mwisho akatoa kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, themostati, akaitupa kwenye kopo. "Hii ni ya nchi za baridi. Hapa inakusumbua bure." Baba Koku alitaka kumweleza kazi ya themostati tangu kugunduliwa kwake, nikamkanyaga mguu.

Siku ikaishia pale. Muda wote wa kazi ile Shangazi hakushuka kitandani. Kila nyundo ikipigwa nilimsikia akinong'ona: "Usiogope, baba, ni fundi tu. Igoma hapa. Bado tupo Igoma." Mafundi wakaanza kupunguza sauti. Fundi Shija akanivuta pembeni akaniuliza bibi anaongea na nani. Nikamwambia. Akalitazama gari muda, akafunga boneti taratibu kwa mikono miwili, kama anayefunika mtoto aliyelala. Tukalala kwa mama mmoja tunayeuza naye nguo, Shangazi na kidumu chake wakapewa kitanda cha wenyeji.

Magu, sahani ya nne

Asubuhi gari likaenda vizuri, na Baba Koku akaanza kuimba. Nikamwambia asiimbe. Hakunisikia, na mshale nao haukunisikia.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo. Barabara ya Musoma huwa inaliona ziwa na kulipoteza, kushoto. Ziwa likionekana, mshale unashuka. Likifichwa na vilima na mashamba ya pamba, unapanda. Nilinyamaza kwanza nihakikishe, halafu nikashindwa.

"Baba Koku, umeona?"

"Upepo wa ziwani unapooza injini. Ni elimu ya kawaida."

Kutoka nyuma Shangazi akasema, "Mkwe, hataki kuyaacha maji. Mtu aliyelala ziwani miezi yote hiyo utamtoaje kwa haraka? Nenda polepole."

Akaenda polepole, na bado tuliingia Magu tukifuka. Tukaegesha mbele ya kibanda cha mama lishe, tukafungua boneti, tukakaa benchini tunaliona gari. Shangazi alikubali kushuka kwa sababu mlango ulikuwa hatua chache na macho yake hayakuondoka. Kulikuwa na matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa vikachemshwa, na sato wa kukaanga. Shangazi akaagiza sahani nne. Kwetu anayesafirishwa huwekewa chake.

Mama lishe akatuhesabu kwa macho. "Wa nne yuko wapi?"

"Yuko garini," Shangazi akajibu, na huo ulikuwa ukweli.

Kabla sijasema lolote yule mama, mwenye roho nzuri kweli, akainua sahani akaipeleka. Akagonga kioo. Akangoja, akasogeza sikio, akagonga tena. Akarudi na sahani vilevile.

"Hafungui. Ila nimemsikia ananung'unika humo. Anaumwa?"

Baba Koku akacheka kicheko kikavu akasema ni maji ya rejeta yanatokota, injini ikizimwa hufanya hivyo. Mama lishe akamwangalia kama anavyoangaliwa mlevi.

"Baba, rejeta iko mbele. Mimi nimegonga nyuma."

Hatukumaliza chakula.

Kabla ya Lamadi

Jua la mchana, barabara nyeupe, hakuna nyumba. Kulia ni nyika inayoanza kuwa ya wanyama, kushoto nyasi ndefu, na ziwa linanukia lakini halionekani. Mshale ukagonga mwisho. Baba Koku akazima injini na safari hii hakusema neno, la Kihaya wala la Kiswahili. Alipongoja vya kutosha akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Halafu akafungua skrubu za wavu wa mbele, jambo ambalo hakuna fundi aliyefikiria kulifanya, akauweka chini.

"Mama Koku, njoo uone."

Rejeta haikuonekana. Palikuwa na ukuta mweusi, mkavu, umeshikamana kama ugali uliosahaulika jikoni. Wadudu. Wale wa Nyegezi, maelfu, wamejipakia kila upenyo.

"Hewa haipiti!" Akanirukia kwa furaha. "Siku mbili injini imezibwa pua! Lete brashi ya nguo!"

Shangazi alichungulia akaurudisha uso wake ndani. "Si nilisema aliitika," akasema.

Mume wangu akasugua, akapuliza, akasugua. Sasa Shangazi akawa na haja, na nyasi zile kwa mtu wa umri wake hazikuwa za kwenda peke yake, pana viboko na vingine sitaki kuvitaja.

"Mkwe, unakaa naye?"

"Nakaa naye, Shangazi."

Tukaenda. Baba Koku akaingia chini ya gari kukaza mpira wa chini. Kumbe huku nyuma akapita mtu na baiskeli, mtu mzima, mpole, zamani alikuwa utingo wa lori. Akaona boneti wazi na miguu ya mwenzake imetokeza, akateremka asaidie, kama mtu yeyote mwenye utu. Na mume wangu, aliposikia nyayo, akadhani ni mimi.

"Lete maji!" akapaza sauti.

Yule bwana akafungua mlango. Sakafuni kuna dumu la maji ya Igoma, limechafuka mafuta. Kitandani kuna kidumu safi kimefunikwa kitenge. Mtu aliyekaa na magari anajua maji safi huwekwa mbali kwa ajili ya rejeta. Akachukua ya kitandani, akamimina mpaka tone la mwisho.

Tuliporudi kidumu kilikuwa kimelala mchangani, kitupu, na kitenge kimekunjwa vizuri juu yake. Shangazi hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Mmemweka wapi mwanangu?"

Yule bwana akanyoosha kidole, hajaelewa bado. "Nimeyatia humu, mama. Yalitosha kabisa."

Baba Koku akatoka chini ya gari, akaona nyuso zetu, akaona kidumu. Akakaa palepale barabarani na kushika kichwa. Mimi nilimtukana. Nilimtukana yeye, na mgeni, na wazungu waliomuuzia gari. Kisha nikasema turudi Nyegezi tukachote mengine, kilometa zote zile, sijali.

"Hapana," Shangazi akasema. "Ameshaitwa na ameitika. Ukimwita tena, atakayekuja siye yeye."

Yule bwana alipokwisha kuambiwa, alisugua mikono yake kwa mchanga, akavua kofia.

"Aliitwa nani?"

"Masatu."

"Nisamehe, Masatu," akaiambia boneti. Akaisukuma baiskeli yake kuzunguka nyuma ya gari, hakuthubutu kupita mbele, akaenda zake.

Bunda, na lile joto

Sasa elewa hali yetu. Mpaka pale, gari kuchemsha kulikuwa ni usumbufu. Kuanzia pale, likichemsha, ndugu yangu anatoka kwa mvuke na kubaki angani Lamadi, na mama atafia uani. Baba Koku aliwasha gari macho yameganda kwenye mshale, na mimi nilikuwa nimeolewa naye miaka yote ile bila kumwona anaogopa.

Shangazi akahamia kiti cha mbele. Nikapanda kitandani mahali pake.

"Shangazi, nitafungua hita," mume wangu akasema. "Utaungua kidogo, samahani. Inapunguza joto la injini."

"Fungua."

Upepo wa moto ukatoka kwenye matundu ya dashibodi. Jua nje, moto ndani, tulilowa jasho. Baada ya muda Shangazi akauliza, "Joto hili linatoka wapi?"

"Maji ya rejeta yanapita humu ndani, ndiyo yanatoa..." Baba Koku akakatisha.

Shangazi aliinama, akasogeza uso kwenye tundu, akafumba macho. Nywele zake nyeupe zikawa zinapepea. Akakaa hivyo, na mimi nyuma nikaanza kusikia kile alichokuwa anakisikia, upepo ule unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Feni mbovu, mume wangu anasema mpaka leo. Sawa.

"Bunda hii, baba," Shangazi akanong'ona kwenye tundu. "Umeshapita Bunda."

Ziwa lilikuwa limepotea kabisa na barabara inapanda, mahali ambapo kwa siku mbili mshale ungekuwa umeshafika juu. Haukusogea. Ulisimama katikati kama umepigwa msumari.

"Ilikuwa wadudu," Baba Koku akasema, taratibu, kama anajiombea. "Wadudu tu."

"Na wadudu walitumwa na nani, mkwe?"

Tulipoiacha lami kuelekea kijijini, mashimo yakaupasua mpira wa chini. Tulisimama nikaona matone. Niliruka na sufuria la lile jiko la wazungu nikalikinga, nimelala kifudifudi kwenye vumbi. Kila tone ni kaka yangu. Baba Koku akasiliba kipande cha sabuni kwenye ufa, akaufunga kwa utepe aliouchana kwenye kanga yangu mpya, na sikulalamika. Matone niliyoyakinga tukayarudisha.

Nyumbani

Tuliingia jua likiwa limeinamia ziwa. Uani watu walikuwa wamejaa, shimo limechimbwa kando ya kaburi la baba. Walitarajia Shangazi ateremke na kidumu kwenye kitenge. Aliteremka mikono mitupu. Akamwomba Baba Koku aliingize gari mpaka ukingoni mwa shimo, na watu wakapisha wakitazamana.

Mama alisimama kutoka mkekani. Alikuwa amepungua mno.

"Yuko wapi?" akauliza.

Shangazi akamshika mkono, akamleta mbele ya gari, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Nilimwangalia mama usoni nikisubiri aanguke, au atulaani. Alisema tu, "Mtoeni basi."

Baba Koku akalala chini, akafungua koki ya rejeta, mimi nikashika beseni jeupe la enameli. Maji yakatoka ya rangi ya kutu, yanafuka. Watu wakarudi nyuma. Yalipokwisha nilimpelekea mama.

Akatia mikono yote miwili ndani ya beseni, akashtuka.

"Ana joto," akasema.

Akainua uso kututazama.

"Mliniambia alikufa ziwani, kwenye baridi, peke yake. Huyu ana joto."

Akachukua beseni kutoka mikononi mwangu, akaketi nalo chini, akalipakata. Katekista akasogea na kitabu cha sala, mama akatikisa kichwa. Shangazi akanyoosha mkono kumpokea, akatikisa kichwa tena. Akaingiza mikono majini na kuanza kusema na mwanawe, mambo yao, ya utotoni, mengine hata sikuyajua. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kina mama wakaketi mmoja mmoja, wanaume wakavua kofia, jua likazama, na Baba Koku wangu, mwenye jibu la kila kitu, alilia waziwazi ameegemea gurudumu.

Mama aliongea mpaka sauti ikaisha. Kisha akaiacha mikono ndani ya maji, na sisi tukangoja naye. Mwishowe akaitoa, akaifuta kwa kanga.

"Sasa amepoa," akasema. "Mwanangu amekufa. Nilikuwa naye."

Akayamimina mwenyewe shimoni, polepole, mpaka kutu ya mwisho. Watu wakatupa udongo. Halafu mama akauendea mkeka wake, akaukunja, akauweka kwapani na kuingia ndani.